Fundi Si Mtu Aliyefeli

Jioni moja mzee mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, alinikuta uani kwangu Kariakoo nimekaa kwenye kigoda, nimeshika kipande cha msasa, na mjukuu wangu amelala ubavu kando ya pikipiki. Tulisalimiana, akaletewa kiti na kahawa. Alimtazama yule kijana kwa muda, mikono yake imejaa oili mpaka viwikoni, kisha akaniinamia sikioni kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: “Mwalimu, huyu naye alifeli?”

Nilimjibu kwamba ni kweli, matokeo yake ya Kidato cha Nne hayakuwa mazuri. Akatikisa kichwa. “Pole sana,” akasema. “Basi, angalau ana la kushika.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko tusi. Tulikunywa kahawa, tukazungumza habari za pensheni na za wenzetu waliotangulia mbele ya haki, akaenda zake. Lakini usiku sikulala vizuri. Haya ninayoyaandika ni jibu langu kwake, nalo si lake peke yake. Ni la wote tuliozoea kuamini kwamba mtu hushika spana pale tu anapokuwa ameshindwa kushika kalamu.

Nianze na pikipiki yenyewe. Ni Honda ya miaka ya 1970, ya jamii ya CB, silinda moja, ya ujazo wa sentimita karibu 125. Herufi hizo Honda walizipa pikipiki zao za mwendo na michezo, si zile za kubebea mizigo. Niliinunua mkononi mwa mtu nilipokuwa mwalimu kijana, na wanafunzi waliujua mlio wake. Walipousikia tu, kelele zilikoma darasani kabla sijaonekana. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980, nchi ikakosa fedha za kigeni, na sabuni ikawa kitu cha kupangia foleni, spea ya pikipiki ya michezo ilikuwa ndoto. Tuliitunza kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine. Pointi za kukata umeme nilizisugua kwa msasa mwembamba na kulipima pengo lake. Gasketi nilizikata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Cheni niliichemsha ndani ya grisi. Hakuna aliyeniita mtu aliyefeli, maana nilikuwa na chaki mfukoni.

Baadaye maisha yakabadilika, nikapandishwa vyeo, pikipiki ikaingia stoo na kukaa humo zaidi ya miaka ishirini. Aliyeitoa ni huyu mjukuu wangu. Matokeo yake yalipotoka, alikaa ndani siku nyingi bila kuzungumza na mtu. Mama yake alikuwa akilia jikoni ili asisikike. Ndugu walikuja na shauri moja: babu atoe fedha, kijana anunuliwe Boxer, aingie kwenye bodaboda. Siwadharau vijana wa bodaboda, maana wengi wanalisha nyumba zao. Lakini niliona kwamba shauri lile lilikuwa la kumwondoa mtoto machoni petu, si la kumwinua. Asubuhi moja nikasikia vyuma vikigongana stoo. Akatoka anaikokota Honda, magurudumu hayana upepo, kiti kimeliwa na panya. Akaniuliza, “Babu, hii inaweza kuwaka?”

Iliwaka baada ya wiki kadhaa. Kijana akafurahi, akataka ipendeze. Ikapelekwa kwa mpaka rangi wa mtaani, ikarudi na tangi jekundu linalong'aa, na mfuniko wa tangi mwekundu vilevile. Tangu siku ile ikaanza ugonjwa. Akitoka nayo Kariakoo kwenda Magomeni, inakwenda vizuri kabisa, lakini ikifika Jangwani inapwaya, inakohoa, inazima. Akiipumzisha dakika kumi inawaka, inakwenda mwendo mfupi, inazima tena.

Ikapelekwa kwa fundi wa kwanza. Huyu aliitazama akiwa amesimama, akasema ni plagi. Plagi ikanunuliwa, ikazima palepale Jangwani. Fundi wa pili akasema ni koili, inapata joto. Koili ikanunuliwa, na pikipiki ikazima. Fundi wa tatu hakuuliza hata inazima wapi. Akasema mashine imechoka, ifunguliwe, iwekwe pistoni na ringi mpya. Tulikwisha kutoa fedha ambazo mama yake angelipia chakula cha mwezi mzima, na yule wa tatu alikuwa ameshaweka spana kwenye nati za silinda. Hapo nikasema basi, rudisheni pikipiki nyumbani.

Nikamketisha mjukuu wangu, nikampa daftari. Nikamwambia: injini ya namna hii inadai mambo matatu tu. Inadai petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, inadai mgandamizo, na inadai cheche kwa wakati wake. Ikizima, moja kati ya hayo limekosekana. Usiguse kitu mpaka ujue ni lipi.

Tukaiwasha palepale mlangoni, ikaunguruma robo saa, ikazima. Nikamwambia, sasa, upesi, kabla haijapumzika! Akafungua plagi, akailaza juu ya silinda, akapiga kiki. Cheche ilikuwapo, ya buluu. Akaandika. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akapiga kiki, kidole kikasukumwa. Mgandamizo upo. Akaandika. Akalegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta: hapakutoka kitu ila matone mawili. Bakuli lilikuwa kavu, na tangi limejaa nusu! Akachomoa mpira wa petroli, akafungua koki. Petroli ikatiririka kidogo, ikawa nyuzi, ikakatika. Akanitazama. Mimi nikatazama pembeni, maana mwalimu akijibu mapema ameiba somo. Alikaa muda mrefu, kisha akanyanyuka akafungua mfuniko wa tangi. Ukasikika mluzi mdogo wa hewa ikiingia, na petroli ikamwagika kwenye kopo kama bomba lililofunguliwa.

Kila tangi la namna hii lina kitundu kidogo sana kwenye mfuniko. Petroli inapopungua, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo tangi hujifunga kama chupa iliyopinduliwa mdomo chini. Rangi nyekundu ilikuwa imeziba kitundu. Ikipumzika, hewa ilipenya kidogo kidogo, ndiyo maana iliwaka tena. Mjukuu wangu alikizibua kwa sindano ya cherehani. Gharama yake ilikuwa sifuri. Siku ile alikwenda Magomeni akarudi, akaenda tena akarudi, na jioni alikula ugali wake akizungumza kupita watu wote nyumbani.

Sasa niulize. Kati ya mafundi wale watatu na kijana yule “aliyefeli”, ni nani aliyefanya kazi ya kisomi? Ni nani aliyepanga mambo, akatenga moja baada ya jingine, akaandika, akabatilisha dhana, akafikia jawabu linaloweza kujaribiwa? Hiyo ndiyo sayansi tuliyokuwa tukiimba ubaoni: tatizo, dhana, jaribio, hitimisho. Nimefundisha walimu miaka mingi, nao wakaenda kufundisha watoto kuyakariri maneno hayo manne kwa mpangilio. Mtoto alipoyaandika alipewa alama nne, hata kama maishani mwake hakuwahi kujaribu chochote.

Lugha yetu yenyewe inatusuta. Fundi, kufunda, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi: yote ni watoto wa mzizi mmoja. Kungwi anamfunda mwari, mwalimu anafundisha, na aliyefundwa akafundika ndiye fundi. Wahenga hawakuona ukuta kati ya darasa na karakana. Ukuta huo tumeujenga sisi wenye vyeti.

Nami sitajitoa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi iwe elimu kamili na si ngazi tu ya kupandia sekondari. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, sekondari zetu zikawa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Fikra ilikuwa nzuri. Sisi watekelezaji tukaigeuza. Kujitegemea tukakufanya shamba la shule, na jembe tukalifanya adhabu: mtoto akichelewa, akalime. Je, unaweza kumpenda rafiki ambaye hutambulishwa kwako kila siku kama kiboko? Na nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na karakana yenye meza, jiliwa na misumeno. Viti vya bweni vilipokosa pa kuwekwa, ni mimi niliyetoa amri ya kuvipanga mle. Mkufunzi wa ufundi alikuja ofisini kwangu mara mbili kulalamika. Mara ya pili nilimwambia kwamba somo lake halimo kwenye mtihani. Aliinama, akatoka. Nalikumbuka jambo lile kila ninapoona fundi anafungua mashine nzima kwa sababu ya kitundu cha mfuniko. Yawezekana kabisa kwamba mwalimu wake wa darasa la sita alipita mikononi mwangu.

Lakini tusiwatupie mafundi mzigo wote. Iko dhambi nyingine, nayo ni yetu sisi wateja. Tunamlipa daktari kwa kutuona, hata kama atatuambia twende tukapumzike tu. Fundi je? Fundi akikaa saa nzima akachunguza, akazibua kitundu kwa sindano, kisha akadai shilingi elfu kumi, tutapiga kelele mtaa mzima: “Elfu kumi kwa sindano!” Lakini akituonyesha koili mpya ndani ya boksi, tunatoa fedha bila neno, hata kama koili ya zamani ilikuwa nzima. Ukimlipa mtu kwa kifaa tu, atakuuzia kifaa. Tumeikataa bei ya akili, kisha tunashangaa kwamba akili haiuzwi. Zunguka Kariakoo mpaka Gerezani uone: maduka ya spea yamejaa, na mafundi wako wengi, lakini anayekuuliza “inazima ikiwa ya baridi au ya moto?” ni lulu. Wapo, nami nawavulia kofia. Yuko mmoja Gerezani, mkerezaji wa vyuma, ambaye alikataa kutuchongea silinda mpaka aipime kwanza, akakuta bado inafaa, akaturudisha nyumbani na fedha zetu. Watu wa namna hiyo ndio wakufunzi ambao serikali haijawaajiri.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza nitaambiwa: mzee una pensheni na una muda, kijana wa bodaboda hawezi kulala siku nzima akichunguza wakati tajiri anadai hesabu yake jioni. Ni kweli hana muda. Ndiyo maana anapaswa kujua. Asiyejua ndiye anayepoteza siku tatu kwa mafundi watatu. Kusoma rangi ya plagi ni kazi ya dakika mbili: ikiwa nyeusi yenye masizi, mchanganyiko una petroli nyingi mno, ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inachemka, ikiwa ya kahawia, shukuru Mungu, funga uende.

Pili, nitaambiwa kwamba vijana hawatengenezi pikipiki, wanaziharibu: wanang'oa silensa, wanafupisha usukani, wanaukesha mji kwa kelele. Hapa nakubaliana nao nusu. Mjukuu wangu naye alitaka kuing'oa silensa. Sikumkataza kwa fimbo, nilimtaka anieleze kitakachotokea ndani ya injini. Alirudi kwa yule mkerezaji wa Gerezani, akauliza, akarudi na jibu: njia ya moshi ikiwa nyepesi, hewa inaweza kuzidi petroli, basi ukibadili ekzosi bila kurekebisha kabureta unaweza kuitoboa pistoni kwa joto. Silensa ikabaki mahali pake. Tatizo la vijana si kwamba wanabadilisha. Tatizo ni kwamba wanabadilisha wasichokielewa, sawasawa na mafundi wale watatu. Sheria yetu hapa uani ni mbili tu. Ya kwanza: huruhusiwi kubadili kitu mpaka uweze kukirudisha kilivyokuwa. Ya pili: anayetaka kuongeza mwendo aanze na breki.

Na alipomaliza breki, viatu vipya na kebo mpya, nilimruhusu aguse meno ya cheni. Tuseme mbele kuna meno 15 na nyuma 45: sproketi ya mbele inazunguka mara tatu kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiweka meno 16 mbele, 45 kwa 16 ni 2.8 na kidogo. Pikipiki itakimbia zaidi pale tambarare, lakini itapungua nguvu kwenye mlima na ikiwa na abiria. Aliyafanya mahesabu hayo kwa kaa la jiko juu ya sakafu ya ua. Uwiano! Somo ambalo walimu wake walilifundisha kwa maembe na machungwa, akapata sifuri. Nilisimama nikiangalia tarakimu zile sakafuni, nikajiuliza ni watoto wangapi tumewafukuza kutoka kwenye hesabu kwa kuwapa maembe yasiyoliwa.

Tatu, nitaambiwa petroli si kitu cha kuchezea kwenye nyumba za watu. Hilo nalipokea lote. Sisi wa Kariakoo, tulioona soko letu kuu lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 likiungua usiku wa Julai 10, 2021, hatuhitaji kufundwa kuogopa moto. Kwangu jiko la mkaa huzimwa kabla tangi halijafunguliwa, kazi hufanyika uani penye hewa, mchanga uko kwenye ndoo, na petroli hailali ndani. Anayesema hawezi kuyafuata hayo, asifungue tangi. Lakini hatari haijawahi kuwa sababu ya kutofundisha. Ni sababu ya kufundisha vizuri.

Tena tukumbuke ile herufi H iliyoandikwa ubavuni mwa pikipiki yangu imetoka wapi. Soichiro Honda, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mtoto wa mhunzi aliyekuwa akitengeneza pia baiskeli. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu baada ya vita, alichukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi zilizobaki, akazifunga kwenye baiskeli. Yaani alianza kwa kubadilisha mtambo wa mtu mwingine, kama wafanyavyo vijana wa uani. Kampuni yake iliundwa mwaka 1948, na mwaka 1961 pikipiki zake zilishinda mashindano ya Isle of Man katika madaraja ya 125 na 250. Sisemi kila uwani wa Kariakoo utazaa Honda. Nasema nchi inayomwonea huruma kijana mwenye oili mikononi imejihakikishia kwamba hautazaa.

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu tunaweza kurudia kosa langu kwa mara nyingine. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeweka katika sekondari mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Nimeshangilia. Lakini tayari mtaani nasikia wazazi wakiulizana: “Wako yuko jumla, au alipelekwa amali?” Lisikilizeni neno hilo, alipelekwa! Ndilo lilelile la mzee mwenzangu. Tukiufanya mkondo wa amali jalala la kutupia watoto tuliowakatia tamaa, tutakuwa tumepaka tangi rangi mpya na kuziba kitundu, na itazima njiani kama ilivyozima michepuo.

Nawaomba walimu wenzangu mlio kazini: amali isifundishwe kwa kunakili hatua ubaoni. Mpeni mtoto mashine iliyokufa na daftari tupu, kisha nyamazeni. Wazazi, msimpeleke mtoto huko kwa aibu, na msimtoe huko kwa aibu. Nasi wateja, tujifunze kumlipa fundi aliyetafuta, hata kama hakubadilisha kitu.

Mzee mwenzangu alirudi wiki iliyopita. Alikuja na jenereta yake ndogo ndani ya bajaji, haitaki kuwaka, na mafundi wawili wamekwisha kula fedha zake. Alimwita mjukuu wangu “fundi”. Kijana hakugusa spana. Alichukua daftari, akavuta kigoda, akamwuliza: “Shikamoo babu. Ilianza lini, na siku hiyo mlikuwa mmeifanyia nini?”